Sanduku la Mtani

Rangi ya mafuta iliyokaa miaka mingi ndani ya bati ina harufu yake. Ni kama chuma kilicholowa, kikachanganyika na karafuu na nguo zilizokunjwa muda mrefu. Niliisikia mwezi uliopita chumbani kwa Mwasiti, walipofungua sanduku lake kutoa sanda. Wanawake wa rika letu tunaiweka sanda mapema, ili siku ikifika watoto wasihangaike madukani. Mwasiti alikuwa amelala kitandani, amefunikwa khanga mpaka usoni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Bawaba za kifuniko zilipolia, nilishika mwimo wa mlango.

Sanduku lile lilikuwa langu. Baba yangu alilitengeneza ili niende nalo shule ya bweni. Sikwenda. Ili kueleza kwa nini sikwenda inanibidi nianze na tamthilia, ingawa mpaka leo nikiikumbuka nakunja uso kama mtu aliyetafuna jiwe ndani ya wali.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, watu wanahamia vijijini, na sisi wanafunzi tunalima asubuhi kabla ya kushika kalamu. Shule yetu ya pale Tabora mjini ilikuwa ya kutwa na iliishia kidato cha pili. Waliofaulu walipelekwa bweni, mkoa mwingine, kuendelea. Waliofeli walirudi nyumbani, na msichana aliyerudi nyumbani kila mtu alijua kinachofuata. Nilitaka kuendelea. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kile. Nilitaka kuwa mtu anayesimama mbele ya ubao.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa kijana kutoka Upareni, Mwalimu Ndesa. Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi kila siku, na alizipenda tamthilia kuliko chakula. Alitufundisha tamthilia moja ya zamani, ya nchi ya mbali, iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Vitabu vilikuwa vichache, tukisoma watatu watatu, vichwa vimegusana. Mkuu wa shule alimuuliza mapenzi ya watu wa ng'ambo yanasaidia nini kujenga taifa. Mwalimu Ndesa alijibu kwamba tamthilia inawafichua makabaila. Mkuu wa shule akaridhika.

Makabaila wenyewe walikuwa nyumba mbili za matajiri wa chumvi, zimetenganishwa na mto. Kila alfajiri baba wa nyumba hii alisimama ukingoni na mwanawe, wakamtukana baba wa nyumba ile, na yule akajibu. Kijana huyo na binti wa kule wakapendana. Kaka wa binti akamuua kijana, binti akakataa kula mpaka naye akafa. Mwishoni maiti zote mbili zimelazwa mchangani. Baba wa binti anamwinamia yule kijana wa adui yake na kusema: "Amka, mvivu wewe. Jua limefika utosini. Nani atanitukana kesho?" Pazia linafungwa.

Sasa, mtoto wa Tabora asomaje habari hiyo? Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe na nguo kwenda na kurudi pwani, na huko njiani walilala kwa Wazaramo, wakagombana nao, wakapatana, wakazikana. Kilichobaki ni utani. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana nawe huna ruhusa ya kukasirika. Anaweza kuchukua kitu chako bila kuomba. Lakini ukifiwa ni lazima aje, na akija kazi yake ni kuwachekesha wafiwa, hata kama ni kwa kumtania maiti mwenyewe.

Jirani yetu wa mtaa wa Isevya, Mzee Kondo, alikuwa Mzaramo. Alifanya kazi reli, kwenye kundi la kutengeneza njia upande wa Tura, na alipokuwa nyumbani alipita mbele ya baraza letu kila asubuhi. Baba alikuwa fundi wa masanduku ya bati, na kazi yake aliifanya pale barazani.

"Mnyamwezi!" Mzee Kondo aliita kutoka mbali. "Bado umekaa? Msafara umeshaondoka, mizigo inakusubiri!"

Baba hakuinua macho kwenye bati lake. "Nangoja Mzaramo amalize kucheza ngoma anipishe njia."

"Babu yako alibeba pembe mpaka pwani, akarudi na kaniki moja!"

"Na kaniki hiyo alimvua babu yako, aliyekuwa amelala chini ya mnazi anangoja nazi ianguke."

Kisha Mzee Kondo aliketi, mama akaleta chai na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, wakanywa pamoja. Hivyo ndivyo nilivyojua watu wawili wanavyopendana. Mwasiti, binti yake, alikaa nami dawati moja. Aliniita "mpagazi" na mimi nilimwita "mla nazi", na kitabu chetu cha tamthilia tulikishika pamoja.

Kwa hiyo tuliposoma wazee wawili wakitukanana mtoni alfajiri, darasa zima lilicheka kwa raha. Tuliwaelewa mara moja. Hatukuona uadui wowote. Kaka wa binti alipochomoa kisu, tulishangaa, na Mwasiti aliniegemea akanong'ona, "Hapa mwandishi amekosea."

Mwalimu Ndesa aliandika ubaoni majina ya mbinu za lugha: tashbihi, sitiari, takriri, tashihisi, kejeli, kinaya. Alitaka kila sentensi ya tamthilia tuipe jina lake. Niliijua tamthilia ile kwa moyo. Ungeniamsha usingizini ningekutajia nani anasema nini. Lakini nilipoulizwa jina la mbinu, ulimi ulikufa. Nilijua maneno yanafanya kazi gani moyoni mwa mtu, sikujua yanaitwaje. Nilikuwa kama mtu anayejua kupika na hajui jina la chungu.

Siku tuliyofika ukurasa wa mwisho, alisoma mwenyewe yale maneno ya baba wa binti, taratibu, kisha akaniita kwa jina.

"Tatu. Mbinu gani hapa?"

"Utani, Mwalimu."

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. "Utani haumo kwenye orodha."

"Lakini ndio huo, Mwalimu. Anamwambia maiti aamke."

"Anamdhihaki. Amemchukia akiwa hai, na amekufa bado anamchukia. Hiyo ni kejeli. Ndiyo maana tunaita hii tanzia, kwa sababu hakuna aliyejifunza kitu."

"Mbona anauliza nani atamtukana kesho? Mtu haulizi hivyo kama hana uchungu."

Alishusha pumzi. Nakumbuka alivyoishika chaki, kama mtu anayetaka kuivunja na anajua hakuna nyingine. "Tatu, hawa ni watu wa ng'ambo. Watani wao wametoka wapi? Walipita na msafara hapa Tabora?"

Darasa lilicheka tena, na Mwasiti pia alicheka, na safari hii nilikasirika kweli. Niliketi. Mwalimu aliandika ubaoni KEJELI kwa herufi kubwa akapiga mstari chini yake.

Leo nikiwa mtu mzima naona hakuwa na kosa. Watu wa nchi ile hawakuwa na watani, na mtunga mtihani angetaka neno lile lile la ubaoni. Alikuwa ananisaidia. Lakini hasira ya siku ile sijaimaliza. Kuambiwa umekosea na mtu aliyekosea huuma kisha kunapoa. Kuambiwa umekosea na mtu aliye sahihi, huku nawe unajua uko sahihi, hakupoi.

Nilijitahidi. Shamba la shule lilikuwa njia ya kwenda Ntalikwa, na tulipolima tulipanga mstari mmoja, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Mwasiti alibuni wimbo wa mbinu. Yeye aliita na sisi tulijibu kwa jembe. "Takriri!" "Kurudia, kurudia!" "Tashihisi!" "Jiwe lina moyo!" Kwa namna hiyo nilishika mbili tatu. Kejeli ilipofika jembe langu liligonga chini nje ya zamu, na waliokuwa kando yangu walilalamika kwamba nawaharibia mstari.

Nyumbani ndiko nilikofaulu. Jioni baba na Mzee Kondo walitaka niwaghanie tamthilia nzima. Walikaa barazani kama waamuzi wa mashindano. Matusi ya mtoni waliyapokea kama zawadi. Kuna mahali mzee mmoja anaambiwa uso wake ni kama ngozi ya ngoma iliyolowa. Kesho yake asubuhi Mzee Kondo alisimama barabarani akapaza sauti:

"Mnyamwezi! Uso kama ngozi ya ngoma iliyolowa!"

Baba alidondosha nyundo. "Hilo si lako! Umelitoa kwa mtoto wangu!"

"Nimeiba. Utanifanya nini?"

"Tashbihi," nilisema mimi kutoka ndani, na kwa mara ya kwanza neno lile lilinikaa mdomoni kama langu. Baba alinigeukia akanitazama kwa muda. Jioni ile alianza sanduku langu. Hakulifanya kama yale ya kuuza. Alilipaka rangi ya kijani, na pembeni akachora maua mekundu kwa brashi nyembamba, ulimi umetoka nje kidogo kama mtoto. Kila nilipopita alisema, "Hili haliondoki hapa mpaka wewe uondoke nalo."

Baba aliugua masika yalipoanza. Hakuugua sana, alikufa haraka. Sanduku lilikuwa limekwisha isipokuwa bawaba za kifuniko.

Walimleta nyumbani kutoka hospitali, wakamwosha, wakamvika sanda. Nyumba ilijaa. Mimi nilikaa na mama ndani, na kilio cha wanawake kilikuwa kinapanda na kushuka. Ndipo tuliposikia barazani nyundo ikigonga bati. Nilichungulia dirishani.

Mzee Kondo alikuwa amefika na treni ya mizigo kutoka Tura, nguo za kazi bado zina mafuta na vumbi jekundu. Alikuwa amejifunga aproni ya baba, ameketi pale baba alipoketi, anapigilia bawaba kwenye sanduku langu kwa makelele ya makusudi. Hakujua kazi ile hata kidogo. Misumari ilipinda.

"Fundi gani huyu!" alifoka. "Kazi imejaa baraza, mwenyewe amejifunika shuka! Watu wamejaa nyumbani kwake, hata chai hajawapa! Mnyamwezi, mzigo wako huu nimeubeba mimi leo, mambo yamegeuka!"

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine. Mama alicheka akiwa na khanga mdomoni, machozi yakimtoka, mabega yanatikisika, na hata mimi sikujua kama analia au anacheka. Mzee Kondo alisimama na nyundo mkononi, akaenda mpaka kwenye jeneza pale barazani na kuliinamia.

"Amka, mvivu wewe," alisema. "Jua limefika utosini."

Yalikuwa maneno ya tamthilia. Aliyapata kwangu. Nilingoja amalizie. Nililijua neno linalofuata, midomo yangu ililitamka peke yake pale dirishani. Yeye alifungua mdomo, na sauti haikutoka. Alisimama hivyo, mdomo wazi, mpaka wanaume wakamshika mabega taratibu, wakalinyanyua jeneza na kuondoka.

Mtihani ulikuja mvua za masika zikiwa bado zinanyesha. Swali lilikuwa hilo hilo, kama vile mtu alikuwa amekaa barazani kwetu. Walinukuu maneno ya baba wa binti, wakasema: taja mbinu iliyotumika, na ueleze.

Niliandika "kejeli". Niliandika kwa mwandiko mzuri. Nilikuwa nimeamua, nilitaka sanduku langu liondoke. Kisha nikafika kwenye "eleza". Nilipaswa kuandika kwamba msemaji anamchukia maiti, mistari miwili, kisha niendelee mbele. Kalamu ilikataa. Nilianza kuandika kwamba wakati mwingine mtu husema neno la ukali kwa sababu la upole halipiti kooni, na kwamba kuna mzee mmoja wa reli, na nikaandika habari ya nyundo, na misumari iliyopinda, na neno aliloshindwa kulisema. Niliandika mpaka pande mbili za karatasi zikajaa. Kengele ilipolia maswali mengine yalikuwa hayajaguswa.

Sitaki kusema swali moja ndilo lililonifelisha. Hesabu nazo zilinishinda, na sikuzisoma vya kutosha tangu baba afe. Lakini Kiswahili ndicho kilichokuwa tegemeo langu, na nilikimwaga.

Matokeo yalipotoka Mwalimu Ndesa alikuja nyumbani. Alikataa chai. "Msahihishaji amenionyesha majibu yako," alisema. "Mahali pale pa kueleza..." Alitafuta neno, yeye aliyekuwa na majina ya kila kitu. "Ni kweli tupu. Lakini hukuulizwa hiyo, Tatu. Uliulizwa kitu kidogo tu. Kwa nini hukujibu kitu kidogo?"

"Sikujua namna, Mwalimu."

"Nilikufundisha namna."

"Ndiyo, Mwalimu. Ulinifundisha."

Tuliagana, kila mmoja amemkasirikia mwenzake na hakuna mwenye kosa. Mwaka uliofuata alihamishwa, sikumwona tena.

Mwasiti alifaulu. Siku ya safari alikuja kwetu akiwa amevaa sare mpya. Hakusalimia. Alipita moja kwa moja barazani akaliinua sanduku langu, akalifungua, bawaba zikalia, akalifunga.

"Hili halina kazi hapa," alisema.

"Liache."

"Nani amekuomba? Mtani haombi."

"Mwasiti, liache, baba alisema haliondoki hapa mpaka..."

"Najua alichosema, nilikuwepo." Alijitwisha sanduku kichwani. Ule uso wake ninauona mpaka leo, umekaza, macho mekundu, na kidevu amekiinua ili mzigo usianguke. "Mnyamwezi umezoea kubeba mizigo ya watu. Leo Mzaramo amekubebea wako. Kama unalitaka, nifuate stesheni."

Mama alicheka kutoka jikoni, kwa kuwa lilikuwa tusi zuri. Mimi nilisimama na hasira iliyojaa mpaka shingoni. Angekuwa mtu mwingine ningempiga. Lakini alikuwa mtani, na mtani hakasirikiwi. Kwa hiyo ilinibidi niimeze, na niliimeza. Sikumfuata stesheni. Niliisikia treni ikipiga honi nikiwa napepeta mtama.

Kwa siku nyingi niliamini amelichukua kunikoga. Niliolewa, nikazaa, nikashona vitambaa, nikauza asali sokoni. Yeye akawa mwalimu, akafundisha huko na huko, akastaafu akarudi Tabora kujenga. Tulipokutana mara ya kwanza baada ya miaka ile yote, hata shikamoo za watoto wake sijaitikia, nikamwambia, "Mwizi wewe, lete sanduku langu."

"Njoo ulibebe," akasema. "Kichwa si unacho?"

Tukashikana tukacheka mpaka tukakaa chini. Tangu hapo ikawa ndiyo salamu yetu. Idd, harusi, msiba, "Mwizi, sanduku", "Mpagazi, kichwa". Wajukuu wake walidhani ni wimbo. Siku moja tu, tukichambua mchele, alisema bila kuniangalia, "Baba yako alisema litaondoka na wewe. Wewe uligoma. Nifanyeje, nilichukua nusu yako iliyokubali kuondoka." Nikamtukana, maana sikujua jibu lingine.

Nirudi sasa chumbani kwake, mwezi uliopita. Walikuwa wamekwisha kumwosha na kumvika. Wanawake walikuwa wanasoma Kurani kwa sauti ya chini, binti zake wamejikunyata ukutani. Nje palikuwa na turubai na viti vya kukodi. Kila kitu kilikuwa safi na kimya. Nilitazama huku na huku nikitafuta mtani. Hapakuwa na mwingine. Wazee wa utani wamekwisha, na vijana wanaona ni utovu wa adabu. Nilikuwa mimi tu.

Mimi si mtu wa maneno mbele ya watu. Nilisogea mpaka kitandani.

"Amka, mwizi wewe," nilisema. "Jua limefika utosini. Sanduku langu liko wapi? Umesoma kwa jasho la baba yangu, leo unajifanya umelala ili nisikudai?"

Kisomo kilikatika. Mjukuu wake mkubwa, msichana msomi mwenye heshima zake, alinishika mkono. "Bibi, tafadhali," alisema taratibu. "Marehemu hasemwi vibaya."

"Simsemi vibaya, mwanangu."

"Najua, bibi. Ni majonzi." Akamgeukia mwenzake akanong'ona, "Amechanganyikiwa, mpelekeni akae."

Ningemweleza nini? Nilitaka kumwambia kwamba kuna neno moja bado, kwamba sijamaliza, kwamba yule mzee pia hakumaliza. Lakini nilimwona msichana yule kama amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, na nilijua atakachoandika. Kwa mara nyingine nililijua jibu lote na sikuwa na namna ya kulitoa.

Walipolibeba jeneza, wanaume wakaondoka nalo, mimi nilibaki chumbani na wanawake. Sanduku lilikuwa wazi, tupu, maua mekundu yamefifia. Nililifunga. Bawaba zililia, zile zile zilizopindishwa na Mzee Kondo. Kisha nikaketi juu yake, mzima mzima, katikati ya njia, kama mtani anavyofanya akidai chake, nikingoja mtu aje anifukuze kwa matusi.

Walipita mmoja mmoja. Wote waliniinamia wakanipa mkono, na wote waliniambia pole.